Kitabu Kiliingilia Mlango Gani?

Hapa Kenya kuna njia ya kukisia umri wa mtu bila kumvunjia heshima: muulize riwaya ya Kiswahili anayoipenda. Akikutajia Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, yaelekea alifanya mtihani wa kidato cha nne kati ya 2013 na 2017. Akisema Chozi la Heri ya Assumpta Matei, mweke kati ya 2018 na 2022. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ni ya waliotahiniwa kuanzia 2023. Na anayetaja Utengano ya Said Ahmed Mohamed amewatangulia wote hao. Huenda ana mtoto nyumbani anayehangaika na kitabu kingine teule cha mtihani.

Mchezo huu niliujaribu Bodo, kijiji cha pwani ya Kwale, nikisubiri maji yajae nivuke kwenda kisiwa cha Funzi. Anayeijua Bodo anajua kwamba bahari ikipwa, mashua hukalia tope kando ya mikoko na mwenye haraka hana wa kumlalamikia. Mimi kazi yangu ni kufundisha fasihi na kuchunguza namna watu wanavyosoma, basi nikaona subira isipotee bure.

Wa kwanza alikuwa mama karanga, yaani muuza samaki wa kukaanga, aliyekuja kungojea samaki, ndoo zake mbili zimepangwa kivulini. Akanijibu bila kusita: Utengano. Nikamuuliza alimaliza shule mwaka gani. "2009," akasema, nami nikajiona bingwa. Kisha akaniharibia hesabu. "Lakini shuleni sikukipenda, mwalimu. Nimekuja kukipenda ukubwani."

Kisa chenyewe ni hiki. Darasani wasichana wote walikuwa upande wa Maimuna, binti anayetoroka nyumba ya Bwana Maksuudi. Mama yake, Bi Tamima, aliyefungiwa ndani na mumewe na mwishowe akaachwa, walimwona zuzu. Kwa nini asiseme? Kwa nini asiondoke? "Sasa nina wanangu watatu," mama karanga akasema, "na yule mama naona tulimwonea." Kitabu hakijabadilika hata nukta. Nakala yenyewe hanayo tena. Anakisoma kichwani, akiwa jikoni.

Mwaka 1967, Hans Robert Jauss, Mjerumani aliyekuwa akianza kazi katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alitoa mhadhara uliotikisa taaluma yetu. Alidai kwamba huwezi kuandika historia ya fasihi kwa kuhesabu waandishi na vitabu tu, ukamwacha msomaji. Kila msomaji hukiendea kitabu akiwa na matarajio yaliyojengwa na vitabu alivyokwisha kusoma na zama anazoishi. Matarajio hayo Jauss aliyapa jina: upeo. Vyuoni huwa tunatumia saa nzima kulifafanua neno hili, lakini kwa mvuvi wa Bodo halihitaji maelezo. Upeo ni pale jicho linapokomea baharini, nawe ukisogea, nao unasogea. Jauss alikuwa akizungumzia vizazi zaidi kuliko mtu mmoja. Mimi naona hoja yake yamfaa hata mtu mmoja akiishi miaka ya kutosha.

Kwa vizazi, mfano wa pwani ni utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, mama akimuusia bintiye jinsi ya kuishi na mume. Kuna zama ulihifadhiwa moyoni kama mwongozo. Leo nikiufundisha, wasichana huugombania: mmoja anaona utumwa, mwenziwe anaona werevu wa mwanamke anayejua nyumba inaendeshwaje. Wote wawili wanausoma vizuri, nami huwaacha wabishane.

Aliyeuvunja kabisa mchezo wangu ni mzee aliyeketi juu ya dau lililopinduliwa. Alipata kufanya kazi kiwanda cha sukari cha Ramisi kabla hakijafa, na ni mwenye maneno.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Wauliza vitabu? Niulize mimi."

Shuleni alisomeshwa Kusadikika ya Shaaban Robert, kile cha 1951, cha nchi inayoelea angani na Karama aliyeshtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Kilimchosha. Mawaidha, akasema, aliyapata ya kutosha katika chuo cha Kurani kwa maalimu wake. Kisha ikaja miaka ya 1970, mshahara mkononi, na kitabu kilichopitishwa mkono kwa mkono mpaka jalada likang'oka: Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, kilichotoka 1974, cha jasusi Willy Gamba. Alipolitaja jina hilo, mzee alinyooka mgongo. Alisema yeye na wenzake kiwandani waliwahi kukisoma kwa zamu ya usiku, mmoja akisoma kwa sauti, wengine wakisikiliza.

Nikadhani jibu nimelipata. Lakini nilipomuuliza anasoma nini sasa, akaniambia Shaaban Robert. Si Kusadikika, la. Ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. "Yule alizaliwa 1909, akafa 1962," akanihesabia vidole. "Miaka hamsini na mitatu. Mimi sasa ni mkubwa wake, nasoma maneno ya mdogo wangu." Akacheka mpaka akakohoa.

Hapa pana mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Wanasaikolojia wameona kwamba mtu aliyepita miaka arubaini, akiombwa akumbuke maisha yake, hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya umri wa miaka kama kumi hadi thelathini. Ukichora kumbukumbu hizo kwenye karatasi, umri huo huinuka kama kilima. Willy Gamba amejenga kileleni mwa kilima cha mzee huyu na hataondoka. Ukiuliza mwandishi anayempenda, Musiba ndiye atakayetajwa. Ukiuliza anayesomwa kitandani usiku, ni mwingine. Kumpenda mwandishi ni jambo moja, kumsoma ni jingine, na kura nyingi za "mwandishi bora" hupima la kwanza zikidai kupima la pili.

Nikamuuliza kwa nini hakuendelea na riwaya za Musiba kutoka Dar baada ya Kufa na Kupona. Nilitarajia aseme alikua, akaoa, akachoka na bastola. Alinyoosha mkono kusini. "Mpaka ulifungwa."

Nilikuwa nimesahau, mimi mtaalamu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Tanzania ikaufunga mpaka na Kenya, nao haukufunguliwa tena mpaka mwishoni mwa 1983. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ilikuwa habari ya gazetini. Kwa mtu wa Bodo, ambaye Tanga ni jirani kuliko miji mingi ya nchi yake, ilikuwa mlango wa nyumba uliopigwa komeo. Na jumuiya ilipokufa ilikufa pamoja na shirika lake la vitabu, East African Literature Bureau, lililokuwa Nairobi likichapisha waandishi wa nchi zake zote tatu. Kufa na Kupona kilikuwa chake. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, 1971, kilikuwa chake pia.

Tazama sasa kilichofuata. Gamba la Nyoka ya Kezilahabi huyo huyo ilichapishwa Arusha 1979. Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya wachukuzi wa bandari ya Unguja ambayo ingewakaa vizuri sana watu wa bandari ya Mombasa, ilichapishwa Dar es Salaam mwaka huo huo. Msomaji wa Kwale wa rika lile hunitajia Rosa Mistika upesi. Gamba la Nyoka ni lazima nimkumbushe. Wakati huo huo Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, alikuwa akichapishwa Nairobi: Asali Chungu, kisha Dunia Mti Mkavu na Utengano mwaka 1980. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4, Kiswahili kikawa lazima kutahiniwa, shule zikahitaji riwaya, na riwaya zilizokuwa karibu ni zile zilizochapishwa hapa. Simpunguzii Said Ahmed Mohamed ustadi, angependwa popote. Ninachosema ni kwamba tunapodai "ladha ya wasomaji ilibadilika", mara nyingi tunazungumzia lori lililokwama mpakani Lunga Lunga.

Shule nayo ni mlango, tena mpana, na una tabia zake. Mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha kwa majaribio kwamba mtu huanza kukipenda kitu kwa kukutana nacho tena na tena, hata kama hakuna anayemshawishi. Kitabu teule hukutana na mwanafunzi kwa miaka miwili mfululizo, basi si ajabu kikawa kipenzi. Lakini kuna miongozo. Mwanafunzi hununua mwongozo wa Kidagaa Kimemwozea, akakariri maudhui na mbinu za lugha, riwaya yenyewe asiifungue. Watoto wa Bodo wangeweza kumfundisha mwalimu maana ya jina la kitabu hicho kwa pua tu: wanajua dagaa aliyekosa jua hunukaje na hasara yake humwendea nani. Mwongozo hauwaulizi. Na Rosa Mistika kilipigwa marufuku shuleni Tanzania kilipotoka, kisha baadaye kikaingizwa kwenye mtaala. Nimekutana na waliokisoma kwa siri na waliokisoma kwa ajili ya alama. Wa siri ndio wanaokumbuka sura kwa sura.

Maji yalikuwa yameanza kugusa mashua. Kijana wa kuisukuma alikuwa na waya masikioni muda wote huo, nikadhani ni muziki. Ilikuwa simulizi, hadithi ya mapenzi na uchawi inayosomwa kwenye simu kwa sehemu, kila sehemu ikikomea mahali pabaya ili urudi kesho. Jina la mwandishi halijui. Sauti ya msomaji anaijua na angeitambua gizani. Wenzangu chuoni huliita hili anguko la usomaji. Mimi nilimtazama mzee, aliyesikiliza Willy Gamba kwa zamu ya usiku, nikakumbuka kwamba tenzi za pwani hii zilitungwa zighanwe kwa mahadhi, watu wamekaa wakisikiliza. Sikio halikupata kustaafu hapa. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba kijana hakulijua jina la mtunzi, na nilipomuuliza mtunzi hulipwa vipi, alinitazama kama niliyeuliza bei ya upepo.

Mzee naye alikuwa na swali lake. Mjukuu wake yuko kidato cha pili, hapendi kusoma, amletee kitabu gani? Nikamtajia Maisha Yangu, nikijua anakithamini. Akatikisa kichwa. "Huyo Shaaban mtoto atakutana naye akiwa mzee. Nitafutie Willy Gamba, mwanangu."

Nilimwahidi. Wiki iliyofuata niliingia maduka mawili ya vitabu Mombasa. Nguu za Jadi ilikuwa imepangwa mpaka usawa wa kifua, na rundo la miongozo yake pembeni, refu zaidi. Nikamwambia kijana wa kaunta ninatafuta Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Akaliandika jina kwenye karatasi, akaenda nyuma, akarudi mikono mitupu.

"Huyo mwanafunzi wako," akaniuliza, "yuko kidato cha ngapi?"