Kimelea kinachomwondolea panya woga wa paka

Panya akinusa mkojo wa paka hukimbia. Lakini panya mwenye kimelea kiitwacho toksoplazma hupoteza woga huo, na wakati mwingine huifuata harufu yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walilionyesha jambo hili mwaka 2000.

Kimelea hiki hujificha kwenye ubongo na misuli ya panya, lakini uzazi wake hukamilika ndani ya utumbo wa paka na jamii yake tu. Panya asiyeogopa huliwa upesi, nacho hufika kinapotaka.

Binadamu huambukizwa kwa kula nyama isiyoiva vizuri, au mboga, matunda na maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha paka. Wengi wenye afya njema hawaoni dalili yoyote.

Hatari ipo kwa makundi mawili. La kwanza ni wajawazito. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kimelea kinaweza kumfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na kichwa maji au madhara ya macho. Wengine huzaliwa wakionekana wazima, kisha tatizo la macho hujitokeza miaka ya baadaye.

La pili ni wenye kinga dhaifu, hasa wanaoishi na VVU wasiotumia dawa. Kimelea kilicholala huamka na kushambulia ubongo. Mgonjwa huumwa kichwa, hupata homa, degedege, udhaifu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa. Msidhani ni mapepo. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa huu unatibika.

Je, umfukuze paka wako? Hapana. Mayai ya kimelea kwenye kinyesi huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo kinyesi kiondolewe kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito. Pika nyama mpaka wekundu uishe ndani. Osha mboga na matunda, na nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika nyama mbichi au udongo. Ukilima bustani, vaa glavu. Sanduku la mchanga wanakochezea watoto lifunikwe.

Ukiwa mjamzito na una wasiwasi, mweleze mhudumu wako kliniki. Usisubiri mpaka ujifungue.