Kifaa kimoja, kuta nyingi: Kwa nini picha hufifia katika vibanda vya Busia na Tororo?

Mwezi Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja michuano ya soka ya CHAN, na timu zote tatu za wenyeji zikafika robo fainali. Katika miji pacha ya Busia, mmoja ukiwa Kenya na mwingine Uganda, na kaskazini mwa hapo huko Tororo, mechi za namna hiyo huwa na mashabiki wa pande zote mbili za mpaka. Mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira hukabiliwa na swali lilelile kila mara watazamaji wanapofurika: je, kifaa kimoja chaweza kuonyesha picha kwenye kuta mbili, tatu au zaidi?

Jibu ni ndiyo, lakini zipo njia mbili ambazo hazilingani kwa ubora. Ya kwanza ni kugawa mawimbi ya picha kabla hayajageuzwa kuwa mwanga. Ya pili ni kugawa mwanga wenyewe. Mawimbi hugawika bila kupungua, ilhali mwanga hupungua kila unapogawanywa. Asiyeijua tofauti hii aweza kutumia fedha nyingi na bado watazamaji wake wakalalamika.

Kugawa mawimbi

King'amuzi huwa na tundu la kutolea picha, aghalabu la HDMI. Kati yake na skrini huwekwa kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita splita. Waya mmoja huingia upande mmoja, na upande wa pili hutoka miwili, minne au hata minane. Kwa kuwa picha husafiri katika hali ya tarakimu, splita huzinakili tarakimu hizo na kuzituma kila tundu kwa nguvu ileile. Televisheni ya nne haipati picha hafifu kuliko ya kwanza.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka yake. Waya wa kawaida wa HDMI huanza kuleta matatizo urefu wake unapozidi mita 10 hadi 15. Picha hukatika au hupotea kabisa. Splita nyingi pia hushusha ubora wa picha ili kuilingana skrini duni kuliko zote zilizounganishwa. Aidha, splita hunakili kile tu kinachotoka kwenye king'amuzi. Iwapo Kenya na Uganda zinacheza saa moja katika idhaa mbili tofauti, kwa kawaida vitahitajika ving'amuzi viwili.

Kugawa mwanga

Projekta ina kiasi maalumu cha mwanga, ambacho hupimwa kwa lumeni. Chukua projekta ya lumeni 3,000 inayotoa picha yenye upana wa mita 2 na kimo cha takriban mita 1.1. Kila mita ya mraba ya ukuta hupata lumeni zipatazo 1,300. Projekta ikirudishwa nyuma hadi picha ifikie upana wa mita 4, eneo huongezeka mara nne, na kila mita ya mraba hubakiwa na lumeni 330 hivi.

Hali huwa hiyohiyo picha inapoelekezwa kwenye kuta mbili. Ziko programu za kompyuta zinazoweza kuigawa picha ya projekta moja katika vipande, kila kipande kikaangukia ukuta wake. Lakini kila ukuta hupata sehemu tu ya mwanga, na pia sehemu tu ya nukta zinazounda picha. Picha yenye nukta 1,920 kwa upana, ikikatwa katikati, huacha nukta 960 kwa kila upande. Zaidi ya hayo, iwapo ukuta mmoja uko karibu na mwingine uko mbali, lenzi haiwezi kuzilenga zote mbili sawasawa. Mmoja utakuwa na picha yenye ukungu.

Ipo pia njia ya bei nafuu: shuka nyeupe nyepesi iliyotandazwa uwanjani. Sehemu ya mwanga huakisiwa mbele na sehemu nyingine hupenya, hivyo picha huonekana pande zote mbili. Tatizo ni kwamba walio nyuma huona kila kitu kikiwa kimegeuzwa, na matokeo ya mechi husomeka kinyume.

Vipi kuhusu sauti?

Spika zikiwekwa kwenye kila skrini, sauti huweza kuchelewana na kuleta mwangwi. Mafundi wengi huchagua kutumia spika za mfumo mmoja. Faida nyingine ni kwamba kipaza sauti kimoja hutosha kwa mtafsiri wa filamu, kazi iliyowapa umaarufu VJ Jingo nchini Uganda kwa Kiganda na DJ Afro nchini Kenya kwa Kiswahili.

Lipi lifanyike?

Kwa mechi ya jioni kabla jua halijatua, televisheni kadhaa zilizounganishwa kwa splita hufaa kuliko projekta, kwa kuwa mwanga wa nje huimeza picha ya ukutani. Usiku, projekta moja iachiwe ukuta mmoja mweupe. Zikihitajika kuta mbili, ni bora kuongeza projekta ya pili kwenye splita ileile.

Kabla ya kununua chochote, mwenye kibanda anapaswa kusoma mkataba wa king'amuzi chake. Malipo ya nyumbani kwa kawaida hayatoi ruhusa ya kuonyesha hadharani kwa kiingilio, na Kenya na Uganda zote zina sheria za hakimiliki, ya Kenya ikiwa ya mwaka 2001 na ya Uganda ya 2006.

Nchi hizo tatu pia zilikabidhiwa, mwezi Septemba 2023, uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Wengi wa mashabiki wa mpakani watalitazama vibandani.