Je, Wajua? Pikapu Zilizohamisha Kawangware

Je, wajua kwamba Kawangware 56 ni mahali palipopewa jina na gari? Hiyo 56 si namba ya ploti wala ya mwaka. Ni namba ya njia ya usafiri kutoka mjini, na jirani yake, Kawangware 46, alibatizwa vivyo hivyo. Mtu akikwambia "nashukia 56" huulizi zaidi. Jina Kawangware lenyewe, wazee hulihusisha na ng'ware, yule ndege ambaye Mswahili humwita kwale. Kwale walikwenda zao. Magari yakabaki, na miongoni mwake leo tuyatazame yale madogo ya kubeba mizigo: pikapu kuukuu.

Je, wajua kwamba pikapu ya Datsun 1200 ilitoka Japani mara ya kwanza mwaka 1971? Injini yake ina sentimita za ujazo 1,171. Nyuma ina springi za vyuma bapa vilivyolaliana, na mzigo ambao Wajapani waliipimia ni kilo 500. Kilo mia tano! Yeyote aliyewahi kuhama ploti mwisho wa mwezi anajua kwamba kipimo hicho kilikuwa ushauri tu.

Mjomba wangu alikuwa nayo, rangi ya krimu, akiiegesha karibu na steji ya 56 kungoja wateja. Alikuwa na ufundi wake wa kupakia: kitanda ubavuni, godoro juu, meza kichwa chini miguu juu, na sufuria zote katikati ya miguu ya meza. Mwenye mali huketi huko huko nyuma, amekumbatia kioo cha kabati. Bei haikuandikwa popote. Mjomba alitazama kwanza springi zilivyolala, kisha akatazama macho ya mteja. Waliohama usiku walilipa zaidi kidogo na hawakuulizwa sababu.

Ufunguo wake ulikuwa umelika hadi ukaweza kufungua milango ya Datsun nyingine mbili pale stejini. Hakuna aliyeiba ya mwenzake. Wote walijua ipi haiwaki bila kusukumwa, na kwamba ndizo zote tatu.

Wajua jina Datsun limetoka wapi? Herufi za mwanzo za majina ya watu watatu waliotia mkono katika gari la kwanza, Den, Aoyama na Takeuchi, ziliunda DAT. Mwaka 1931 likaja gari dogo zaidi, likaitwa Datson, yaani mwana wa DAT, hilo "son" likiwa la Kiingereza. Kumbe "son" kwa Kijapani ni hasara. Mwaka 1933 wakabadili herufi moja, mwana akawa jua. Kampuni ya Nissan ilitangaza mwaka 1981 kwamba jina hilo litaachwa, ikalifufua mwaka 2013, ikalizika tena mwaka 2022. Kawangware hakuna aliyehudhuria maziko yoyote kati ya hayo. Pikapu ndogo ya Nissan iliendelea kuitwa Datsun, basi.

Na pikapu yenyewe? Japani waliacha kuitengeneza mwaka 1994. Afrika Kusini waliendelea nayo kwa jina la Nissan 1400 hadi mwaka 2008. Hesabu mwenyewe: miaka 37, umbo karibu lile lile.

Je, wajua kwamba Peugeot 404, ambayo Wafaransa waliacha kuiunda kwao katika miaka ya 1970, iliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi mwaka 1991? Injini yake haikusimama wima. Ililazwa kwa pembe ya nyuzi 45, mfano wa mzee aliyeegemea ukuta akiota jua. Gia yake ilikuwa kwenye shina la usukani, si sakafuni, ndiyo sababu watu watatu waliketi mbele pasipo goti la mtu kupigwa na gia. Huyo wa katikati kwa kawaida alikuwa mama mwenye mtoto, au shangazi asiyetaka kuchafuliwa nguo na mboga za nyuma.

Mdogo wake, pikapu ya 504, alifuata mwaka 1979. Za namba 504 za kila aina, Kenya iliunganisha kama 27,000. Nigeria iliunganisha 425,000, kwa hiyo tukikutana na Mnigeria tusijigambe sana.

Na wajua kwamba jamaa hao wa Peugeot walikuwa watengenezaji wa misumeno na vinu vya kusagia kahawa na pilipili manga, muda mrefu kabla ya gari? Ule mfano wa simba uliwekwa kwanza kwenye misumeno. Na sifuri ya katikati, ile ya 404 na 504, waliishikilia kama shamba lenye hati: mwaka 1964 Porsche walipoleta gari lao la 901, Peugeot wakalalamika, likageuka 911.

Mbona magari hayo mawili, la Mfaransa na la Mjapani, yakatawala mashamba na mitaa yetu? Jibu moja ni Safari Rally. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili walioshinda ni wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Kisha Datsun wakaingia: Edgar Herrmann akashinda mwaka 1970 na 1971, halafu akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, akashinda mara tano, yaani mwaka 1973 na kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ule wa 1973 ulikuwa wa ajabu. Yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na alama sawa za adhabu, na ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa mara ya kwanza. Ni kweli magari yaliyoshinda hayakuwa pikapu. Lakini mkulima wa Limuru aliyekuwa akitafuta gari la kubebea kabeji hadi soko la Kawangware aliona nembo, akaona matope, akaridhika.

Je, wajua kwamba kabla ya Nissan za abiria 14, matatu nyingi zilikuwa pikapu? Nyuma palifungwa bodi, mabenchi mawili ya mbao yakatazamana, na abiria wakasafiri magoti kwa magoti. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliruhusu magari hayo yabebe watu bila leseni maalumu, na biashara ikafumuka. Jina lilitokana na nauli ya senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi kumi, ambazo Mkikuyu aliziita mang'otore matatu. Dar es Salaam walikuwa nayo ya namna hiyo hiyo, abiria wakitazamana, wakaiita chai maharage. Watanzania ni hodari kwa majina. Hata vipikapu vidogo vya Suzuki vya siku hizi wanaviita kirikuu. Sisi tumebaki na "pikapu" tu. Inasikitisha kidogo.

Unaijuaje pikapu ya zamani kabla hata ya kuona kutu? Tazama namba. Mtindo wa sasa wa namba za Kenya, wenye herufi mwishoni, ulianza mwaka 1989 na KAA. KBA ikafika mwaka 2007, KCA mwaka 2014, KDA mwaka 2020. Ukikutana na namba ya herufi tatu na tarakimu tatu pekee, isiyo na herufi ya mwisho, msalimie dereva kwa heshima. Tazama pia mlangoni: yale maandishi ya T.W. na kilo ni uzito wa gari likiwa tupu, maana sheria huihesabu pikapu kuwa gari la biashara. Mwenyewe anaweza kuwa habebi nayo chochote ila wajukuu siku ya Jumapili. Bado ataipeleka ukaguzi kila mwaka.

Na anayehamia Kibera je? Pikapu huishia barabarani. Njia za ndani ni nyembamba mno, hivyo mzigo hushushwa Makina au kandokando ya Kibera Drive, ukamaliziwa kwa mkokoteni au mgongo.

Wajua kwamba Hilux ilianza mwaka 1968, ikiundwa na Hino kwenye kiwanda chao cha Hamura, na kwamba jina lake ni maneno mawili ya Kiingereza, la "juu" na la "anasa", yaliyokatwa na kuunganishwa? Anasa ipi, na mbuzi watano nyuma, hawajaeleza. Ndiyo iliyokuja kuipokonya Peugeot barabara ya Meru, ile ya kusafirisha miraa. Miraa hufaa ikiwa mbichi, siku mbili hivi tangu kukatwa, na ndege zake huondokea uwanja wa Wilson, ng'ambo tu ya Kibera. Haraka ile ya madereva ina sababu, hata kama haina udhuru.

Je, wajua kwamba petroli yaliyoizoea magari haya haiuzwi tena popote duniani? Ilikuwa na risasi ndani yake, ambayo ilizuia injini kugonga na kukinga valvu za injini za kale zisilike, huku ikiwadhuru watoto ubongo. Kenya iliachana nayo mwaka 2006. Nchi ya mwisho ilikuwa Algeria, mwaka 2021, na habari hiyo ilitangaziwa ulimwengu kutoka hapa hapa Nairobi, na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lililo Gigiri. Wanaoililia petroli ya zamani kwamba "ilikuwa na nguvu" waililie kimya kimya.

Kuhusu mafundi kuna mengi. Gari la siku hizi likizima, fundi huja na kompyuta. Datsun ikizima, fundi wa Kawangware alikuja na spana namba 10, bisibisi, na kipande cha pakiti ya sigara. Kipande hicho kilikuwa kipimo cha nafasi ya pointi, ule mlango mdogo unaofunguka na kufunga ili plagi ipate cheche. Nafasi inayotakiwa ni kama nusu milimita, na kadibodi ile haikuwa mbali nayo. Kabureta ilifunguliwa juu ya gunia, ikapulizwa kwa mdomo, ikarudishwa, na mara nyingi ilibaki skrubu moja ambayo hakuna aliyejua ilikotoka. Spea zilitafutwa Kirinyaga Road, ambayo wazee mpaka leo wanaiita Grogan. Springi zikilegea, fundi aliongeza vyuma viwili kutoka gari kubwa zaidi. Gari likawa gumu kama benchi, ila likabeba.

Je, wajua kwamba pikapu haifi yote kwa pamoja? Kwanza zinakwenda taa na kioo, kisha injini, ambayo huhamia kwenye pikapu nyingine. Jungu kuu halikosi ukoko. Vyuma vya springi ni chuma kigumu chenye mnyumbuko, na wahunzi huvigeuza panga na patasi. Hata sime nyingi za Wamaasai zilianza maisha chini ya gari. Tairi huwa akala. Tyubu hukatwa kamba za kufungia mizigo. Ekseli na magurudumu yake hutiwa mbao juu, na hapo umepata mkokoteni. Ile mikokoteni inayopanda Naivasha Road na mitungi ya maji au magunia ya makaa ina ekseli za magari, na nyingine ni za pikapu. Mzigo haujabadilika. Aliyebadilika ni anayevuta.

Kinachobaki huuzwa kwa kilo. Kati ya Januari na Mei mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, na kwa miezi hiyo mizoga ya magari ilipumzika salama.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wengi hawalipigi hesabu. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Sheria hiyo ina faida zake. Lakini maana yake ni kwamba hakuna Datsun 1200 ya kuagiza kutoka Japani ili kuziba pengo la iliyokatwa Gikomba wiki jana. Zilizopo nchini ndizo hizo. Kazi yake kwa sehemu kubwa imechukuliwa na Probox, gari la mwaka 2002 lisilo na bodi ya nyuma, ambalo hata hivyo nimeona likishusha watu kumi na jeneza. Sijui walipangwaje, na sitaki kujua.

La mwisho, kwa wenye moja nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, kuku wakitagia ndani. Je, wajua kwamba huenda si yako? Logibuku nyingi za pikapu hizi bado zina jina la babu au baba aliyekwisha fariki, na gari la marehemu ni sehemu ya mirathi. Haliwezi kuhamishwa jina kwa mkono wa mtoto mkubwa kwa sababu tu ndiye mwenye ufunguo. Warithi huenda mahakamani, wakapata hati ya kusimamia mali, na ndipo mamlaka ya usafiri, NTSA, inaweza kubadili jina. Mjomba alipofariki tulikuta ufunguo, kitambaa cha kufutia kioo na risiti za spea, zote zimehifadhiwa vizuri kwenye kopo la chai. Logibuku hatukuiona. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, na kabla hujamwita mwenye mizani ya vyuma, fungua kabati la bibi, utafute ile karatasi.