Jino la siku moja: tuelewe kwanza, kisha tufungue likelemba



Katika mkutano wetu uliopita, mama mmoja alileta swali zito. Jino lake la mbele lilitoka miaka miwili iliyopita. Anauza samaki sokoni, na kila akitaka kucheka anafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Ndugu yake wa Kinshasa alimwandikia kwamba huko kuna madaktari wanaopanda jino kwa siku moja. Zamu yake ya likelemba imekaribia. Akatuuliza: «Nipande ndege, ao nilipe masomo ya watoto?»

Hatukutaka kumjibu kwa kukisia. Tulisoma, tukauliza, na haya ndiyo tuliyoelewa.

Jino la kupandwa ni nini? Ni skrubu ndogo ya madini ya titani inayoingizwa katika mfupa wa taya, mahali pa mzizi uliotoka. Juu yake linafungwa jino la bandia. Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aliona katika miaka ya 1950 kwamba mfupa unashikamana na titani. Mwaka 1965 alimpandia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye alikaa na meno yale zaidi ya miaka 40, mpaka kufa kwake.

Na «siku moja»? Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Siku ile unapata skrubu na jino la muda tu. Mfupa unahitaji kwa kawaida miezi 3 mpaka 6 ili ushike vizuri. Wakati huo hutafuni muwa wala muhindi wa kuchoma kwa jino lile. Kisha unarudi kwa daktari akuwekee jino la kudumu. Kwa mama wa Kindu, hizo ni safari mbili, na mahali pa kulala mara mbili. Jino lenyewe linahesabiwa kwa mamia ya dola, na mahali pengi linapita elfu moja.

Tena si kila mtu anafaa. Daktari anapiga kwanza picha ya taya aone kama mfupa unatosha. Mwenye ufizi unaotoka damu na usaha atibiwe kwanza. Mwenye kisukari kisichotulia, ao anayevuta tumbaku, ana hatari kubwa zaidi ya skrubu kulegea. Mwenye mimba angoje azae. Mtoto ambaye taya lake bado linakua hapandwi.

Kuna njia nyingine. Jino la kuvaa na kuvua linatengenezwa kwa kipimo cha mdomo wako. Bei yake ni ndogo kuliko ya skrubu. Usiku unalivua, unalisugua, unaliweka katika maji safi. Lakini tusikubali mtu wa njiani atugandishie jino kwa gundi: uchafu unabaki chini yake na ufizi unaoza.

Pengo nalo lisisahauliwe kabisa, maana mfupa wake unapungua na meno jirani yanainama.

Jino la siku moja lisilonunuliwa. Hapa tunaungama kosa letu sisi walimu. Mtoto mmoja alianguka akicheza, jino la mbele likatoka zima. Tulisafisha damu, tukalitupa jino. Hatukujua kwamba jino la ukubwani linaweza kurudishwa! Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo kwa maji safi, usilisugue. Lirudishe mahali pake, mtoto aume kitambaa safi. Ukishindwa, litie katika maziwa, ao katika mate yake mwenyewe ndani ya kikopo, si katika maji. Kimbia kwa daktari kabla ya saa moja kupita. Jino la utoto halirudishwi.

Mama yetu ameamua mwenyewe: pesa ya zamu hii inalipa masomo, naye ataenda hospitali kuuliza bei ya jino la kuvaa. Tumekubaliana wawili wetu wamsindikize. Mwenye swali kama lake asione haya. Alilete kwenye mkutano.

Tukutane juma lijalo.