Mchungaji Naye Aulizwe Hesabu



Tuanze na swali. Mwekahazina wa kikundi chenu akija mkutanoni bila kitabu, mtafanya nini? Mara ya kwanza mtamwambia akilete wiki ijayo. Mara ya pili mtanung'unika. Mara ya tatu, kama bado ana visababu, mtamwondoa na kuchagua mwingine, hata akiwa shemeji ya mwenyekiti. Hakuna atakayesema mnamchukia. Pesa ni za kikundi, basi.

Sasa swali la pili. Harambee ya mabati ya kanisa lenu ilipokwisha, mlisomewa hesabu? Hapo wengi wetu tunanyamaza. Na watu ni wale wale! Jambo tunalodai bila woga siku ya kikundi, Jumapili tunaogopa hata kulitaja.

KWA NINI TUNAOGOPA?

Mamlaka si kitu kibaya. Lazima mtu aongoze ibada, atunze ufunguo, apatanishe waliokosana. Lakini mamlaka ya kiongozi wa dini yana nguvu ambayo chifu au mwenyekiti hana. Huyu ndiye aliyetubatiza na kutufungisha ndoa. Tulipofiwa alikuja kutuombea usiku. Siri zetu anazijua. Na tumelelewa tukiambiwa kwamba kumuuliza yeye ni kama kumuuliza Mungu.

Viongozi wengi hutumia nguvu hiyo vizuri, na tunawashukuru. Lakini wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtu asiyeulizwa kitu mwaka baada ya mwaka, hata akiwa mwema, huanza kuona mali ya watu kuwa yake, na neno lake kuwa neno la Mungu.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Pesa zinachangwa lakini hazisomwi. Kitabu kiko kwake, sahihi ya benki ni yake peke yake, au yake na ya mkewe.

2. Anayeuliza anatishwa. Anaambiwa atalaaniwa, atafukuzwa, au anasemwa mimbarini bila kutajwa jina ila kila mtu anajua ni nani.

3. Maskini ananyimwa huduma. Mjane anaambiwa mumewe hatazikwa na kanisa mpaka zaka ya miaka mitatu ilipwe.

4. Maombi yanauzwa. Mgonjwa anaambiwa atoe mbuzi kwanza, au aache dawa ili aonyeshe imani.

5. Kiongozi anawaita wasichana au wanawake peke yao, mahali pa siri, na kuwaambia wasimwambie mtu.

6. Watu wanatengwa na jamaa zao. Wanaambiwa wasisikilize wazazi, mwalimu, wala daktari, bali yeye tu.

Dalili moja si hukumu. Ila ukiona mbili au tatu pamoja, usiseme ati yatapita. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MSITU WA SHAKAHOLA

Sisi Wakenya tumeona ufa huo unavyoweza kuishia. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya waumini. Kufikia mwisho wa mwaka ule miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Wengi walikuwa watoto. Mhubiri Paul Mackenzie alidaiwa kuwafundisha wafuasi wake wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mwaka 2024 alishtakiwa mahakamani pamoja na wenzake, naye akakana mashtaka.

Tuangalie jambo moja hapa. Mambo hayo hayakuanza na njaa. Miaka mingi kabla, mhubiri huyo alikuwa akifundisha kwamba shule ni mbaya na hospitali ni mbaya. Mwaka 2017 alikuwa tayari amekamatwa kwa sababu ya mafundisho hayo. Watu waliacha kazi, wakauza mali, wakaondoa watoto shuleni, wakahamia msituni. Jamaa walilalamika. Kamati ya Seneti iliyochunguza jambo hili ilisema mwaka 2023 kwamba vyombo vya serikali vilishindwa kuchukua hatua mapema.

Kanisa letu Katoliki halina haki ya kuwanyoshea wengine kidole. Katika nchi nyingi imegunduliwa kwamba mapadre walidhulumu watoto, na wakubwa wao wakawahamisha parokia badala ya kuwashtaki. Mficha maradhi kifo humwumbua. Ndiyo sababu mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria kwamba kila jimbo liwe na njia ya kupokea malalamiko ya namna hiyo, na kwamba padre au mtawa anayejua habari hizo lazima apige ripoti.

"USIMGUSE MPAKWA MAFUTA"

Kila tukiuliza, tunajibiwa kwa neno hili. Basi tulitazame katika Biblia yenyewe. Fungua 1 Samweli 24. Daudi alimkuta Sauli pangoni, akakataa kumwua kwa sababu alikuwa amepakwa mafuta. Lakini alinyamaza? Hata! Alitoka nje ya pango, akamwita kwa sauti, akamweleza dhuluma yake, na kipande cha vazi akakionyesha kama ushahidi. Kwa hivyo kutomgusa ni kutomdhuru. Si kutomwambia ukweli.

Baadaye Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme na kuchukua mke wa mtu, nabii Nathani alikwenda akamwambia usoni. Soma 2 Samweli 12.

Na Mtume Paulo je? Alipokusanya mchango wa kuwasaidia maskini wa Yerusalemu, hakutaka pesa zishughulikiwe na mtu mmoja. Tito alitumwa pamoja na ndugu wengine walioaminika, ili pasiwe na mtu wa kulaumu. Habari hiyo iko 2 Wakorintho 8. Ikiwa Paulo alitaka mashahidi, mchungaji wetu atakasirikaje akiombwa kitabu? Hesabu humlinda kiongozi mwaminifu kabla ya kumkamata mwizi.

SHERIA INASEMAJE?

Wakatoliki wengi hawajui kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 iko upande wao. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha. Kanuni ya 1267 inasema kilichotolewa kwa kazi fulani kitumike kwa kazi hiyo tu. Mabati ni mabati, si mafuta ya gari. Kanuni ya 1287 inataka waumini wapewe hesabu ya mali waliyotoa. Kanuni ya 1181 inaonya kwamba maskini wasinyimwe mazishi yanayofaa. Na kanuni ya 212 inawapa waumini haki ya kuwaeleza wachungaji wao mahitaji na maoni yao, kwa heshima.

Ninyi wa makanisa mengine, ulizeni katiba ya kanisa lenu. Kanisa lililosajiliwa kwa Msajili wa Vyama lina katiba. Ombeni kuisoma.

Na nchi pia ina sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, inatupa uhuru wa kuabudu. Lakini kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya chakula, matibabu na elimu ya msingi. Uhuru wa mhubiri hauwezi kumla mtoto.

TUFANYE NINI?

Kwa mambo ya pesa: Msiende mmoja mmoja, wala msianze na uvumi sokoni. Kaeni kwanza katika jumuiya ndogo ndogo, mwandike mnachojua kwa hakika: tarehe, kiasi, nani alipokea. Chagueni watu watatu, wanaume na wanawake, wamwone kiongozi kwa heshima. Asiposikia, nendeni kwa baraza la parokia au wazee wa kanisa. Wakishindwa, andikeni barua kwa askofu au makao makuu, mkiweka nakala. Pendekezeni mambo mnayoyafanya kikundini: risiti, sahihi tatu benki, na hesabu kusomwa kila miezi mitatu.

Kwa mambo ya mwili, au uhai wa mtoto: Hapa hakuna kikao. Msiliketi na wazee kupatanisha, msipokee mbuzi wa kunyamazisha. Mtu akinajisiwa, apelekwe hospitali mara moja kabla ya kuoga na kabla ya saa 72 kwisha, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianzwe ndani ya muda huo. Pigeni ripoti polisi, na mwambieni afisa wa watoto au chifu. Simu ya watoto ni 116, bila malipo. Kanisa lijulishwe pia, lakini baada ya polisi, si badala ya polisi.

Na aliyesema ukweli msimwache peke yake. Mara nyingi mji mzima unajua, ila mama mmoja tu ndiye aliyesema. Akisusiwa kisimani yeye na watoto wake, hakuna mwingine atakayesema tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kanisa letu, nani anaweka pesa, nani anazihesabu, nani anaona kitabu?

2. Je, tunajua mtu aliyenyimwa mazishi au sakramenti kwa sababu ya umaskini? Tulifanya nini?

3. Mtoto wa hapa akidhulumiwa na kiongozi, atamwambia nani? Je, mtu huyo atamwamini?

4. Na sisi viongozi wa vikundi, je, kitabu chetu kiko wazi? Asiyeonyesha chake atamwulizaje mwingine?