Klachi mpya, gia ngumu: pima kabla ya kushusha gia boksi

Barabara ya Taifa namba 7 ya Burundi haimpi dereva nafasi ya kuzoea. Ukiiacha tambarare ya ziwa na kuipita Musaga, mlima umeanza, na hauishi hadi Ijenda, juu ya mita 2,000. Hiace iliyojaa abiria na viroba husimama kwenye mwinuko, hupakia, kisha huondoka kwa nusu klachi huku injini ikinguruma. Mara kumi kwa safari moja, diski ya kawaida inaungua. Si ajabu mwenye gari akashauriwa kufunga klachi ya kazi nzito: presha pleti yenye springi kali zaidi, na diski ya shaba au ya seramiki inayostahimili joto.

Kisha siku ya pili analalamika. Gia ya kwanza inagoma, rivasi inasaga, na gari likiwa kwenye foleni inabidi azime injini ndipo gia iingie. Hukumu hutolewa haraka: "Sinkronaiza zimekwisha, tushushe gia boksi." Hapo ndipo ninapowaomba wenye magari na mafundi wasimame kidogo. Gia boksi iliyokuwa ikiingia vizuri kabla ya kazi haifi ghafla kwa sababu umebadilisha klachi. Mara nyingi sana tatizo ni kwamba klachi mpya haiachii kikamilifu.

Tuone kazi yake. Diski imebanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi inasukuma vidole vya springi, presha pleti inarudi nyuma, diski inabaki huru. Lakini presha pleti hairudi sana: ni kama milimita moja na nusu hadi mbili tu, na mwanya unaobaki kila upande wa diski haufiki milimita 1. Ukipoteza nusu milimita mahali popote kati ya unyayo wa dereva na vidole vile, diski itaendelea kuguswa, shafti ya gia boksi itaendelea kuzunguka, na gia itasaga. Klachi yenye springi kali inahitaji nguvu kubwa zaidi, na nguvu hiyo hufichua kila udhaifu ambao klachi ya zamani iliuvumilia.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Zima injini, pitisha gia zote. Zikiingia laini, kisha zikagoma injini ikiwaka, shaka iende kwenye klachi. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, angalia fimbo na kebo za gia. Huenda ziliunganishwa vibaya wakati wa kurudisha gia boksi.

Cha pili: injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, kanyaga pedali ya klachi hadi chini, hesabu sekunde tano, kisha ingiza rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ni diski nzito tu inayochukua muda kutulia, na dereva atazoea kubadilisha gia bila pupa. Ikisaga hata baada ya kusubiri, klachi haiachii.

Cha tatu: pampu pedali haraka mara tatu au nne, kisha jaribu tena. Gia ikikubali, kuna hewa kwenye mfumo wa majimaji, au masta ya juu inavujisha ndani. Toa hewa upya, na uweke maji mapya ya breki. Ya zamani hunyonya unyevu, na joto la mlima huugeuza mvuke.

Cha nne ndicho kinachopuuzwa zaidi. Mtu mmoja akanyage pedali, mwingine aweke rula kwenye fimbo ya masta ya chini na asome inasogea milimita ngapi, kisha alinganishe na kitabu cha gari. Wakati huohuo amulike tochi kwenye ukuta wa injini, pale masta ya juu ilipofungwa. Kwenye gari lililochoka utauona ukuta wenyewe ukisogea mbele kila pedali inapokanyagwa, na mpira wa bomba ukivimba. Milimita zinazopotelea hapo hazifiki kwenye klachi. Dawa yake ni kuimarisha ukuta na kubadilisha bomba.

Kuna kishawishi cha kuiba milimita kwa kuondoa uhuru wote wa pedali, yaani mwendo wake wa bure kabla haijaanza kusukuma. Usifanye. Kwa Toyota nyingi uhuru huo ni kati ya milimita 5 na 15. Ukiumaliza, beringi itakaa imeegemea vidole muda wote, klachi itateleza, na pesa zako zitaungua kwenye mlima uleule uliokufanya ununue klachi kali.

Vipimo vyote vya nje vikiwa sawa, sasa kuna sababu ya kushusha gia boksi. Anza na diski: je, imegeuzwa nyuma mbele? Je, kitovu chake kimepinda kwa sababu gia boksi iliachwa ining'inie juu yake wakati wa kufunga? Je, meno ya shafti ni makavu kiasi kwamba diski haitelezi? Kisha flaiwili. Ikichongwa ili iwe laini, klachi nzima husogea upande wa injini, na kwenye magari yenye uma wa kawaida umbali huo hupunguza mwendo wa beringi. Na usisahau oili: ikiwa ilibadilishwa siku hiyohiyo, hakikisha ni aina iliyoandikwa na mtengenezaji. GL-5 si mbadala wa GL-4 katika kila gia boksi. Yenye utelezi usiofaa huzuia sinkronaiza kushika.

Tatizo likishaisha, izoeshe klachi mpya kazi taratibu. Watengenezaji wengi hutaka takribani kilomita 800 za mwendo wa mjini kabla ya mzigo mzito, na mlima wa Ijenda na abiria waliojaa si mahali pa kuanzia.

Mwenye gari, una haki ya kumwomba fundi akuonyeshe namba alizopima: uhuru wa pedali, na mwendo wa fimbo ya masta ya chini. Fundi anayekuonyesha rula ana sababu ya kukutoza. Anayetaka kushusha gia boksi bila kupima, mwombe apime kwanza, maana ujira wa kuishusha na kuirudisha ni wako.