SITI BINTI SAAD: TUJIFUNZE KUSIKILIZA SAHANI ZA KALE

Na Mwanachama, Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii twaiandika katika insha kila muhula, na kwa upande wa nyimbo twaitimiza bila hata kujua. Wimbo uliotoka juzi tunaushika wote kichwani. Ukipigwa wa zamani, utasikia mtu akisema, "Hebu zima hiyo, inakwaruza!" Katika makala haya nataka kueleza kwa nini mkwaruzo huo usitufukuze, na namna ya kuzisikiliza sahani za kwanza za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja.

Siti alikuwa nani?

Wengi wetu tumelikuta jina lake katika kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Siku hizo utumwa ulikuwa haujafutwa Unguja (ulifutwa mwaka 1897), na jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Shule hakusoma. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu, naye binti akavitembeza kuviuza, akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, akafunzwa kuimba. Baadaye akaitwa Siti, jina la heshima la mwanamke mtukufu. Fikiria mwenyewe umbali uliopo kati ya Mtumwa na Siti!

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa Chama cha Kiswahili tusilipite haraka. Taarabu ilikuwa burudani ya jumba la kifalme tangu enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kati ya mwaka 1870 na 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti naye aliweza kuimba Kiarabu. Lakini yeye aliichukua taarabu akaiimba kwa Kiswahili, lugha iliyoeleweka na muuza vyungu, mpishi na hamali. Lugha iliyokuwa ikisimama mlangoni ikakaribishwa sebuleni.

Safari ya Bombay

Mwaka 1928 kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilimwalika Siti na wenzake kwenda Bombay, Bara Hindi, kurekodi. Miongoni mwa wenzake wanaokumbukwa ni Subeti bin Ambari, Mbaruku, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Siti anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa katika sahani za santuri. Zilinunuliwa sana, na makampuni mengine kama Columbia na Odeon yakajitosa katika biashara hiyo.

Huko Marekani nako, miaka mitano tu kabla, mwaka 1923, Bessie Smith alirekodi sahani zake za kwanza. Yeye naye alitoka katika umaskini, na utotoni aliimba barabarani mjini Chattanooga ili apate senti. Waimbaji wengi wa jazi waliokuja baadaye walijifunza kwake. Wanawake hawa wawili walitenganishwa na bahari, lakini mashine moja iliwatoa mitaani ikawafikisha mbali.

Kwa nini zinakwaruza?

Sahani za wakati huo zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa lakiri, yaani utomvu wa wadudu fulani wa Bara Hindi, pamoja na unga wa mawe. Zilizunguka mara 78 kwa dakika. Sindano ya chuma ilipita juu yake, na kila ilipopita ilikula kidogo. Kwa hivyo sahani iliyopendwa sana ndiyo iliyochakaa sana. Ukisikia mkwaruzo mwingi, ujue kuna nyumba ambamo wimbo huo ulipigwa usiku hata usiku.

Tena kurekodi kwenyewe hakukuwa mchezo. Sauti ilichorwa moja kwa moja juu ya nta. Hakukuwa na kurudi nyuma kufuta neno moja au kuongeza ngoma kesho yake. Aliyekosea aliwaanzisha wote upya kwa nta mpya. Upande mmja wa sahani ulibeba dakika tatu hivi, ilhali harusini wimbo wa taarabu waweza kuendelea muda mrefu watu wakimtunza mwimbaji. Basi Siti alilazimika kupunguza, akabakisha kiini. Ni kama sisi tunapoambiwa tufupishe habari ya maneno mia nne kwa maneno themanini: asiyeelewa habari hawezi!

Sikiliza mambo matatu

Kwanza, sikiliza wimbo mmoja mara tatu. Mara ya kwanza masikio yatashughulika na kelele tu. Mara ya pili kelele itarudi nyuma kama mvua juu ya mabati ukiwa umeshazoea. Mara ya tatu utamsikia mtu.

Pili, fuata sauti pamoja na fidla. Sauti ya Siti iko juu na ina nguvu. Fidla haiendi njia yake: inamfuata kama kivuli, ikirudia alichosema na kukipamba kidogo. Angalia pia kasi ya mashine. Sahani ikizungushwa mbio kupita kiasi, mwimbaji mtu mzima anageuka mtoto, na lawama tunampa yeye bure.

Tatu, sikiliza maneno. Hapa ndipo somo letu la ushairi linapopata kazi. Hesabu mizani, tafuta vina, uone beti za mishororo mitatu na kibwagizo kinachorudi. Kisha uliza: wimbo huu unamsema nani? Mfano mzuri ni wimbo uitwao Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Hakuna gazeti ambalo wanyonge wa Ng'ambo wangeliandika malalamiko yao juu ya mahakama ya wakoloni. Waliyaweka katika wimbo, na wimbo ukawekwa katika sahani.

Siti alifariki mwaka 1950. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuziimba nyimbo zake hata uzeeni. Baadhi ya sahani zimehamishiwa kwenye CD na leo zinasikika hata kwa simu.

Sisi wa Hagadera je?

Utasema, "Hayo ni ya Unguja, sisi yatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Mwaka 1988 mji wa Hargeysa ulipopigwa mabomu, kanda za nyimbo za redio zilitorooshwa na kufichwa, nyingine zikazikwa ardhini. Waliozizika walijua kuwa nyumba hujengwa tena, lakini sauti ikipotea imepotea. Katika mahema na nyumba zetu pia wazee wapo waliokuja na kaseti ndani ya mizigo, na wengine wamebeba mashairi kichwani bila kaseti yoyote. Kaseti hizo nazo zinakwaruza, na utepe wake unaliwa na joto na vumbi la hapa.

Wapo miongoni mwetu wasiopenda muziki, nao tunawaheshimu. Hata hivyo, mashairi, ngano na habari za safari ya kuja hapa nazo ni sauti. Kwa hivyo naomba kila mwanachama, likizo ijayo, amkalie mzee mmoja, aandike jina la msemaji, mahali na mwaka, kisha ahifadhi maneno yake kwa simu au kwa daftari. Wenzetu wa Bombay walikuwa na dakika tatu tu za nta. Sisi tuna nafasi kubwa zaidi, kinachotakiwa ni subira ya kusikiliza.

Kwa hayo machache, naomba kukomea hapa. Kumbuka, usiache mbachao kwa msala upitao.